Ati RANGI YA KUCHA?! Chambo changu cha rangi kinyonga kimedhalilishwa mbele za watu

Wakuu naandika nikiwa bado nachemka so msinisumbue na herufi. Yule jamaa mnamjua, simtaji jina, yule anayeshika chambo cha mwenzake kwa vidole viwili halafu anakunja pua. Leo kashika changu, kile kisamaki cha mbao cha kunasia samaki nilichokipaka rangi kinyonga, ile inayobadilika ukiigeuza. Kakiangalia sekunde moja chini ya taa, hajakigeuza hata kidogo, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nchi jirani: "hii si rangi ya kucha hii?"

Na watu wakacheka.

Rangi ya kucha!!! Mbao nimechonga mwenyewe kwa mkono, nikapiga msasa mkavu nikapiga msasa wa maji, nikaziba vinyweleo vya mbao, nikaweka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, nikaja na nyeusi ya kung'aa mwili mzima maana kila anayeijua rangi kinyonga anajua bila nyeusi chini hakuna kitu, ukiimwaga juu ya nyeupe mwanga unarudi kutoka chini unaua kila kitu inabaki kupauka tu. Halafu ndo unaanza na eabrashi, ile bomba ndogo ya kupulizia rangi, koti jembamba, subiri, koti jembamba, subiri, na vile vichembe vyake vinazama chini ya kikombe kila ukipumzika, sindano inaziba, unafungua unasafisha unaanza upya, mgongo unataka kukatika. Mtu anakuja anasema kucha.

Na hajakigeuza!! Hiyo ndo inaniua. Hiyo rangi kazi yake yote ni KUGEUZWA. Vile vichembe vina matabaka membamba kuliko unavyoweza kufikiria, mwanga unarudi kutoka tabaka la juu na la chini, mawimbi mengine yanajumlishana mengine yanafutana, ukibadilisha pembe rangi inahama. Ni ile ile unayoona mafuta yakitanda juu ya maji. Changu ukikitazama moja kwa moja ni kijani, ukikilaza kidogo kinaingia buluu, ukikilaza zaidi zambarau, na nimekichonga ubavu wa mviringo makusudi ili rangi zote zionekane kwa pamoja, maana ubavu bapa unakupa rangi moja moja. Kikiwa majini kinayumba kushoto kulia, kila kikiyumba kinawaka. Yeye kakishika kimesimama kama mlingoti akatoa hukumu.

Noti ya dola 100 ya Marekani, ile mpya ya 2013, ile 100 ya kwenye kona inahama kutoka shaba kwenda kijani ukiiinamisha. Ni wino wa ujanja huo huo. Mbona hajaenda kuwaambia wale wamepaka kucha?

Rangi ya kucha. Mbele ya watu. Sitasahau mpaka nazikwa.

Ndoana_Kutu: Pole sana mkuu. Huyo tunamjua, changu alikiita kijiko. Ila bila picha huu uzi hauendi popote

MchongaHasira (mleta mada): Picha haisaidii, kamera inashika pembe moja tu hutaona rangi ikihama. Ni kitu cha kushika mkononi

Ndoana_Kutu: Sasa si ndo alichoona na yeye, pembe moja 😂😂

MchongaHasira: KWA SABABU HAJAKIGEUZA

Kidole_Gundi: Mtoa mada usinipige, lakini zile rangi za kucha za kinyonga zina pigimenti, yaani vichembe vya rangi, za ukoo huo huo. Kwenye magari zipo, kwenye kucha zipo, kwenye chambo zipo. Jamaa kapatia bila kujua 🤣

MchongaHasira: Ukoo mmoja si kitu kimoja. Yeye hakusema pigimenti, alisema RANGI YA KUCHA na sauti akaivuta hivi "kuuuchaa" ungekuwepo ungeelewa

Kidole_Gundi: kuuuchaa 😭😭 nabadilisha jina la akaunti leo

MzeeWaKina: Vijana mnagombania rangi wakati chambo chenyewe kinazamishwa chini huko. Maji hata yakiwa masafi yanakula nyekundu kwanza, ukifika mita 10 karibu imeisha, inabaki giza giza. Buluu na kijani ndo zinashuka mbali. Huyu angalau kachagua kijani, wengine wanapaka za kuhama kutoka nyekundu kwenda dhahabu halafu wanavuta chini kabisa, wanampakia nani?

MchongaHasira: Asante mzee wangu, mtu wa kwanza mwenye akili humu

MzeeWaKina: Usifurahi haraka. Kama unamtafuta samaki bass mdomo mpana, yule macho yake yana seli za rangi za aina mbili tu, moja ya kijani moja ya nyekundu. Hiyo buluu na zambarau yako kwake ni giza tu. Umempakia binadamu mwanangu

Ndoana_Kutu: Na binadamu kasema kucha 💀

MchongaHasira: Giza likipishana na kijani si ndo kuwaka kwenyewe huko?? Samaki anaona kitu kinawaka kinazima, anakuja! Jamani soma uzi kabla ya kujibu

Mama_Vanishi: Nyie mnalia na kucha mimi nalia na mtu aliyeniambia pulizia tu kliya ya gari, ile vanishi isiyo na rangi, juu ya rangi ya maji haina shida. Haina shida!! Ile kliya ina kemikali kali, rangi ikanyanyuka ikakunjamana ubavu mzima kazi yote imekwenda. Na huyo mshauri na yeye mnamjua

MsasaLaini: Dada yangu huyo huyo ndo alinishauri epoksi, ile ya kuchanganya ya kufunika rangi juu, nipime kwa mizani. Ile yangu ni ya 1:1 kwa ujazo, resini na hadina yake ya kuigandisha hazilingani uzito, matokeo yake inanata mpaka leo, ukishika inakushika

MchongaHasira: Tusitoke nje ya mada wakuu. Mtu kasema kucha

Mama_Vanishi: Kunata afadhali. Epoksi yangu iliyofuata ilijaa mapovu, unaangalia rangi kinyonga nzuri kabisa chini yake imejaa vidoa

MsasaLaini: Unakoroga kwa fujo ndo maana unaingiza hewa. Koroga taratibu, ipashe moto kidogo iwe nyepesi mapovu yapande yenyewe, halafu chambo kizunguke muda wote kikiwa kinakauka isije ikachuruzikia tumboni

Kidole_Gundi: Epoksi ya nini tena, wekeni ile inayokauka kwa taa ya UV, dakika chache umemaliza

MsasaLaini: Ile inapasuka ukigonga jiwe

Kidole_Gundi: Uliweka nene ndugu

MsasaLaini: Nani kakwambia niliweka nene? Ulikuwepo?

MchongaHasira: Hakuna hata mmoja anayeona kwamba HAJAKIGEUZA???

Ndoana_Kutu: Mkuu tumeona. Sasa kuna huyu mwingine anaazima chambo halafu anarudisha ndoana zimenyooka kabisa. Au harudishi, anakwambia kimenasa kwenye mti chini ya maji. Kila siku mti ule ule

MzeeWaKina: Hahaha na changu kiko kwenye huo mti. Kile cha mdomo mrefu

Mama_Vanishi: Na changu!! Tena kile cha kijani, nilikuwa hata sijakitupa majini. Ngoja nimpigie saa hii

MsasaLaini: @Kidole_Gundi bado nakusubiri, nene kiasi gani ndo inapasuka? Jibu