Naomba ushauri: mgonjwa analitaja lililomleta akishashika kitasa

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni daktari wa kituo cha afya huku Pemba, naomba msaada wa wenzangu mnaoona wagonjwa wa kila aina kwa siku moja.

Nafuata mpangilio wa Calgary-Cambridge, yaani mwongozo wa mazungumzo ya daktari na mgonjwa: kufungua mazungumzo, kukusanya maelezo, kupima, kueleza na kupanga tiba pamoja na mgonjwa, kisha kufunga. Ni mpangilio mzuri na nauamini. Ninapokwama ni pale mwanzo. Foleni imejaa hadi barazani, bi mkubwa anaingia, tunaamkiana (salamu siwezi kuzikata, wala sitaki), anasema kichwa kinamuuma. Napima presha, naandika dawa. Ameshashika kitasa ndipo anageuka: "Na hili ziwa, daktari, lina kivimbe."

Siku hizi nauliza mapema, "Na jengine lipi, bibi?" kabla sijagusa mashine ya presha. Inasaidia, ila si pale anapokuja na mkwewe, maana mkwe ndiye anayejibu yote. Huyo mkwe mnamwomba vipi atoke nje bila ya kumvunjia mtu heshima?

Jambo la pili, kumuuliza mgonjwa mwenyewe anahisi ni maradhi gani na anachokiogopa. Wazee hunijibu, "Wewe ndiye daktari, mwanangu," na pengine wameshapita kwa mganga, wanaona haya kusema. Nitajieni maneno hasa mnayoyatumia mkiwa chumbani na mgonjwa.