Naomba ushauri: "uchungu" niuweke kundi gani?

Habari zenu wakuu. Kwa utafiti wangu wa uzamili natengeneza programu ya kukisia mtu atahisi nini baada ya tukio fulani. Nimefuata modeli ya OCC ya 1988 (ya Ortony, Clore na Collins, inayopanga hisia kulingana na jinsi mtu anavyolichukulia tukio), yenye aina 22 za hisia, ila Kiswahili kimenikwamisha. "Uchungu" huyu anausoma huzuni, yule hasira. "Wivu" nao ni wa mapenzi, na pia wa kuona jirani kajenga! Niliwapa watu watatu sentensi zilezile waziwekee alama ya hisia iliyomo, wakabishana hadi chai ikapoa. Nimejaribu kufuata jibu la wengi, lakini naona nafuta maana yenyewe.

Je, niruhusu sentensi moja ibebe hisia mbili, au uchungu uwe kundi lake? Na makubaliano ya waweka alama niyapime kwa kipimo gani?