Tembo wa meno makubwa: kipimo cha chini peke yake kinatosha?

Wakuu habari za saa hizi. Hii ishu ya tembo wanaopigwa West Kilimanjaro kila ikiibuka tunaishia kutukanana Wabongo na Wakenya, wakati kuna kitu cha kipimo hapo katikati hata hatukigusi.

Kwa ambao hamkufuatilia, kuanzia Septemba 2023 hadi mapema 2024 walipigwa madume watano upande wetu, pua na mdomo na hifadhi ya Amboseli ya Kenya, uwindaji wa kitalii wenye vibali sio ujangili, na kabla ya hapo tangu miaka ya 90 palikuwa na maelewano kwamba hao wa mpakani waachwe. Humo walikuwemo wale wakubwa kabisa, jino moja kilo 45 kwenda juu. Kanuni zetu zinasema tembo hapigwi mpaka jino lifike kilo 20 au urefu wa sentimita 160, yaani mdogo analindwa mkubwa ruksa. Ukiisikia juu juu unaona ina akili.

Sasa mi nimekulia mwaloni, Mwanza. Sangara kwa miaka mingi alikuwa na vipimo viwili, chini ya sentimita 50 usiguse na juu ya 85 usiguse pia, maana yule mkubwa ndo mzazi mwenye mayai. Mzee alikuwa na ubao kauchora alama mbili kwa msumari, samaki analazwa pale, mkia ukivuka ile alama ya pili watu wanaangaliana tu maana hela ndo hiyo imelala. Na wengi wanatoka wavuni washakufa, utamrudisha ziwani afufuke? Ila tembo humvui kwa wavu! Mwindaji bingwa anayemwongoza mteja anamfuata kwa mguu, anamkagua na darubini kabla mteja hajanyanyua bunduki. Kipimo cha juu kwake ni rahisi kuliko kwa mvuvi.

Wamarekani nao wana kitu kama hiki kwa kulungu. Pennsylvania tangu 2002 dume lazima awe na ncha tatu upande mmoja wa pembe, na kule magharibi walianza na nne, lengo madogo yapone yakue, na kweli yalipona mengi. Lakini Mississippi waliweka ncha nne kwa kujumlisha pembe zote mbili mwaka 1995, watafiti wakaja kugundua wale vijana wenye mbegu nzuri wanaotoa ncha mapema ndo wanapigwa kwanza, wale dhaifu wanabaki wanalindwa na sheria, na pembe za waliofikia ukubwa zikapungua. Kwa tembo naona ni mbaya zaidi kwa sababu dume anashika kasi ya kuzalisha akiwa na miaka 40 huko, na mteja aliyetoka mbali na madola yake hataki wa kilo 20, anataka babu lao. Mi naona tuweke na kipimo cha juu. Nipingeni.

— Mkuu umeandika vizuri ila uko Mwanza. Sisi huku Longido tunalala nao, ekari mbili za mahindi usiku mmoja zimekwisha na hamna anayekuja kukupa pole. Hela ya kitalu cha uwindaji ndo inalipa askari wetu wa jumuiya ya wanyamapori. Ukimbana mteja anaenda Botswana, wamefungua tena tangu 2019.

— Ndugu zetu, sisi Kenya tulifunga uwindaji 1977 na ndovu tuko nao mpaka leo. Hao mnaopiga ni familia zilizoanza kufanyiwa utafiti tangu 1972, wako na majina! Mtalii anarudi kila mwaka kumpiga picha ndovu yule yule. Nyinyi mnamuuza mara moja.

— (Mleta mada) Wa Longido kaka yangu, hapo kwenye mahindi sina ubishi, na ndo maana sijasema mfunge, kati ya kilo 20 na huko juu madume yapo, mteja atapata. Mkenya, hesabu yako ya picha naikubali, ila hiyo picha haimlipi mwenye mahindi wa upande huu wa mpaka, na kufunga uwindaji hakukumwokoa Satao, yule ndovu wenu wa meno makubwa, majangili walimmaliza hukohuko Tsavo 2014, kwa iyo tusibezane. Naomba aliyewahi kufanya kazi kitaluni atusaidie, ukiwa na darubini unaweza kweli kutofautisha jino la kilo 30 na la 40? Kama haiwezekani basi hoja yangu ina tobo.

— Wa Longido tena. Nimebeba mizigo ya wawindaji misimu mitatu. 30 na 40 hutofautishi, hata mabosi wenyewe wanabishana mpaka mizani ije, na mara nyingi jino moja limevunjika ncha. Ila yule ambaye akiinamisha kichwa meno yanapita kwenye majani, huyo hata mtoto anayechunga mbuzi anakuonyesha kwa kidole.

— (Mleta mada) Basi tuachane na kilo. Tuandike hayo majani.