Mjadala: Meli za abiria na magari zenye miaka zaidi ya 30 zipigwe marufuku?

Mtoa hoja, Njiro: Wakuu, magari ya utalii ya hapa Arusha yakienda Zanzibar yanavushwa kutoka Dar kwa meli inayobeba magari chini na watu juu. Likizo ikifika, familia za Moshi zinapanda hizohizo. Hoja yangu: meli ya namna hiyo ikitimiza miaka 30 isibebe tena abiria. Spice Islander I iliyozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ilijengwa 1967. Miaka 44! Anayepinga aje na sababu.

Fundi, Unga Limited: Napinga, mkuu. MV Nyerere, kivuko kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa ya 2004. Kibali chake kilikuwa cha watu 101, ikabeba zaidi ya mara mbili. Herald of Free Enterprise ilikuwa na miaka 7 tu ilipopinduka nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, Machi 1987, wakafa watu 193. Iling'oa nanga milango ya magari ya mbele ikiwa wazi, na nahodha hakuwa na hata taa ya kumwonyesha kama imefungwa. Sasa weka Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika ya 1913, pembeni ya hizo mbili, halafu uniambie umri unapindua nini.

Dada wa Kiboriloni: Fundi yuko sahihi kuhusu milango, ila anaruka kitu. Ubaya wa meli hizi ni sitaha ya magari: ukumbi mmoja mrefu usio na kuta za kati, ili malori yapite. Chukua sitaha ya mita 80 kwa 16. Maji ya sentimita 10 tu hapo ni kama tani 130, na hayatulii. Meli ikiinama kidogo yote yanakimbilia upande ulioinama, kama mtu aliyebeba sinia la maji kichwani. Ukijenga ukuta mmoja wa katikati kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nguvu hiyo ya kupindua inabaki robo. Lakini ukuta unakula nafasi ya magari, na nafasi ndiyo pesa ya mwenye meli.

Tena maji si lazima yatoke baharini. Al-Salam Boccaccio 98, ya 1970, ilizama Bahari ya Shamu Februari 2006. Moto uliwaka kwenye magari, mabaharia wakauzima kwa maji, matundu ya kutolea maji yakaziba, maji yakajikusanya sitahani, meli ikalala ubavu. Zaidi ya watu 1,000 walikufa.

Hapo ndipo uzee unapoingia. Mabomba ya matundu hayo huoza pale yanapotoboa ubavu wa meli. Mpira wa mlango wa magari hukauka na kupasuka, bawaba zinalegea, matangi ya maji ya kusawazisha yanaliwa na kutu kwa ndani, na rangi mpya ya nje haikuonyeshi lolote. Dawa ni chelezo: meli inatolewa majini, bamba la chuma la meli linapimwa unene kwa kifaa cha mawimbi ya sauti. Likishapoteza kati ya asilimia 20 na 25 ya unene wake, kwa kawaida linakatwa na kuwekwa jipya.

Mtoa hoja, Njiro: Sawa dada, ila kipimo kinaandikwa na mtu, na mtu ananunulika. Mwaka wa kujengwa haununuliki. Meli nyingi kubwa zina namba ya IMO (shirika la kimataifa la usafiri wa baharini) ya tarakimu 7, haibadiliki hata meli ibadilishwe jina na bendera. Abiria yeyote mwenye simu anaitafuta na kuona mwaka. Unene wa bamba ataupima na nini, rula?

Fundi, Unga Limited: Na ukishaweka 30, mwenye meli ya miaka 27 atanunua bamba jipya la nini? Ataikamua miaka mitatu bila kugusa kitu, aiuze kwingine. Sheria yako itatengeneza meli mbovu za miaka 29.

Dereva, Sakina: Mkibishana kuhusu umri, hata meli mpya inalala kwa gari lililokatika minyororo. Mnyororo au mkanda ufungwe kwenye chasisi au ndoano ya kuvutia, kamwe si kwenye bampa. Gari la safari lina springi laini: likinesa, mnyororo unalegea, kwa hiyo ukazwe tena kabla ya kutoka bandarini. Gia ndani, hendibreki juu, kabari kwenye matairi, alamu izimwe. Madumu ya petroli ya juu ya kerieri na mitungi ya gesi ya kambi yasemwe mapema, msiyafiche. Ukishafunga gari, panda juu. Kulala ndani ya gari chini kule ni kujifungia.

Dada wa Kiboriloni: Asante, kaka. Mtoa hoja, chukua hii: tusifukuze kwa umri, tukaze kwa umri. Kuanzia mwaka wa 20, chelezo kila mwaka, na karatasi ya vipimo ibandikwe dirisha la tiketi, kila bamba na milimita zake, za mwaka huu na za mwaka jana. Mpimaji akidanganya, namba za miaka miwili hazitaoana. Bamba haliwezi kunenepa bila kubadilishwa.

Mtoa hoja, Njiro: Hapo umenisogeza, ila 30 siiachii. Na chelezo kila mwaka maana yake wiki kadhaa bila safari. Nani anafidia?

Fundi, Unga Limited: Nauli itafidia. Na tukiwa wakweli, nyote wawili mtachagua ile ya bei rahisi.

Dada wa Kiboriloni: Fundi, ndiyo maana nataka karatasi iwe dirishani, si ofisini. Bei na milimita zisomwe pamoja.