Naomba ushauri: mawaridi na asumini zinateseka na masika na kusi

Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Likoni, Mombasa, karibu na bahari. Mbele ya baraza nina mawaridi, asumini, rehani na mkilua (mti wa maua ya kunukia) aliouacha marehemu bibi, ambao sitaki kabisa kuupoteza.

Tangu Mei hali ya hewa haishikiki. Masika inamwagika usiku kucha, kisha jua kali, kisha kusi inavuma na chumvi yake. Majani ya mawaridi yameingia madoa meusi, yanageuka manjano na kupukutika kuanzia chini. Yaliyoanguka nayaokota na kuyachoma, na mvua ikikatika namwagilia shinani asubuhi tu. Bado madoa yanapanda. Asumini nazo zinaangusha matumba kabla hayajachanua, jioni hakuna hata cha kutunga kikuba (kishada cha maua ya kujipamba), na hilo linaniuma.

Je, nipogoe mawaridi sasa au ningoje mvua ipungue? Udongo wetu ni mchanga na matumbawe; samadi ya mbuzi nikiiweka wakati huu si itasombwa yote? Na upande wa baharini, nani amepanda miti ya kukinga chumvi ikamfaa? Jirani anasema mkilua usiguswe mpaka kusi itulie. Mama zetu wa Mji wa Kale, nielekezeni tafadhali.