Farasi anachomoka na mimi kila tukigeuka kurudi nyumbani, naombeni ushauri kabla hajaua mtu

Mama_UsaRiver
Habarini za jioni wakuu. Naomba niende moja kwa moja kwenye shida yangu.

Nina farasi dume aliyehasiwa, miaka minane, anaitwa Zabibu. Alikuwa wa mashindano ya mbio pale Ngong Racecourse, Nairobi. Alipostaafishwa alipita kwa mtu mmoja kabla ya kufika kwangu huku Usa River. Ndani ya uzio hana neno: anasimama kupandwa, anakwenda matiti (ule mwendo wa kukimbia polepole) vizuri, watoto wanamsugua tumbo na wala hashtuki. Shida ni nje. Tukishika njia ya mashamba ya kahawa, kwenda ni salama kabisa. Tukigeuka tu kurudi, masikio yanasimama, shingo inakakamaa, anaanza kwenda kiubavu ubavu. Hapo kitu chochote kinatosha. Ngiri akitoka kichakani, mtu akikung'uta turubai, hata kunguru akiruka. Anachomoka, na si mbio ndogo, ni shoti, kichwa juu, na nikivuta hatamu ndiyo kwanza anaongeza.

Jumamosi iliyopita alivuka na mimi barabara ya vumbi wakati bodaboda inakuja, imebeba mama na mtoto mgongoni. Dereva aliingia mtaroni kutukwepa. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini usingizi wangu haujarudi sawa tangu siku ile.

Aliyeniuzia anasema nimwekee lijamu (chuma cha mdomoni) kali zaidi, ile yenye mikono mirefu na mnyororo wa kidevuni. Mume wangu anasema niuze. Sitaki kumuuzia mwenzangu kitu kitakachomvunja shingo. Nifanye nini? Na akichomoka tena nikiwa juu, nifanye nini pale pale?

Kijana_Njiro
Pole sana dada. Mimi nakuunga mkono kwa kutomuuza kimya kimya. Ila mpaka upate jibu, usitoke naye nje ya uzio, tafadhali.

SaisiMkongwe_Nairobi
Dada pole, na umeeleza vizuri. Nimetunza farasi wa mashindano Nairobi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo huyo Zabibu ni kama namfahamu.

Anza kwa kuelewa alichofundishwa. Farasi wa mashindano hapigwi teke ili akimbie. Alfajiri tukiwapeleka mazoezini, kijana anafupisha hatamu, anainuka kwenye tandiko, anainamia shingo na kushikilia. Farasi anaiegemea ile hatamu, anakwenda. Ukizidi kumshikilia, unazidi kumpa cha kuegemea. Wengi wanaanza hayo wakiwa na miaka miwili hivi, kwa hiyo imeshaingia damuni.

Sasa wewe uko njiani, unaona masikio yamesimama. Unaogopa, na kila mtu angeogopa. Unafupisha hatamu, kifua kinakwenda mbele, magoti yanabana. Kwa lugha anayoijua yeye, umemwambia twende. Anapochomoka ukavuta kwa nguvu zako zote bila kuachia, kwake hayo ndiyo mazoezi ya alfajiri.

Lijamu kali usinunue. Farasi akiumia anakimbia maumivu. Nimeona farasi aliyechanika pembe za mdomo, damu inatoka, na bado anakwenda. Tena kichwa kikishapanda juu, chuma hakikai pale kinapotakiwa kukaa, kinavutwa kuelekea kwenye magego, na hapo huna breki tena hata uweke chuma gani.

Nijibu haya: akiwa kwenye mbio anakwepa miti na mifereji, au anaparamia tu? Anasimama wapi? Anakula nini na mchana anashinda wapi? Meno yaliangaliwa lini? Na tandiko, ni la kwake au la farasi mwingine?

Mama_UsaRiver
Asante sana kaka. Anakwepa. Kuna mfereji wa maji kabla ya kufika kwetu, anauruka vizuri kabisa. Akikaribia geti anapunguza mwenyewe, anasimama, anapiga chafya. Mchana anashinda bandani, anatolewa asubuhi kidogo. Anapewa shayiri na pumba mara mbili kwa siku, hei (majani makavu) jioni. Utaratibu huo nilipewa na aliyeniuzia. Meno sijui, karatasi alizokuja nazo hazisemi. Tandiko ni nililonunua mjini kwa mtu aliyekuwa anahama.

Daktari_Mifugo_Moshi
Naomba niingie hapa, maana majibu yako yamesema mengi.

La kwanza ni jema. Farasi anayekwepa miti, anayepima mfereji na kupunguza getini, bado anaona na bado anafikiri. Kuna aina nyingine, yule ambaye hofu imemfunika kabisa hadi anagonga ukuta au anaingia kwenye seng'enge. Wa namna hiyo ningesema mtu yeyote asimpande. Wako hayuko huko.

La pili, maumivu. Usianze mafunzo yoyote kabla ya kuyatafuta. Meno ya farasi yanaendelea kujitokeza miaka mingi huku yakisagika, na kingo za nje za magego ya juu zinakuwa kali kama hazisawazishwi. Ukivuta hatamu, shavu linabanwa kwenye kingo hizo. Wengine wana kijino kidogo mbele ya magego ya juu, karibu na pale chuma kinapopita, na kikigongwa kinauma. Mwite daktari mwenye kifaa cha kuachanisha taya, amlegeze kwa sindano, aangalie kwa tochi hadi nyuma. Kuingiza mkono tu kwa mbele hakutoshi.

Tandiko unaweza kulipima leo. Litandike bila kitambaa chini, mtu apande, wewe pitisha vidole kati ya tandiko na ule mfupa ulioinuka pale shingo inapokutana na mgongo. Vidole viwili au vitatu vipite bila kubanwa. Halafu livue, na kwa ncha za vidole bonyeza taratibu pande zote mbili za uti wa mgongo, kutoka pale juu hadi kiunoni. Akididimiza mgongo, akikunja masikio au akigeuka kutaka kukuuma, una jibu.

La tatu ni tumbo. Farasi ameumbwa kutafuna majani sehemu kubwa ya siku na usiku, na tumbo lake linatoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Akikaa saa nyingi bila majani asidi inamchoma, na vidonda vya tumbo ni vya kawaida sana kwa farasi wa mashindano. Ukimpanda tumbo tupu, asidi inaruka hadi sehemu ya juu ya tumbo isiyo na kinga. Kwa farasi wa kilo 450, hei isipungue kilo 7 kwa siku, igawanywe, na ale kidogo kabla ya kutandikwa. Shayiri ipunguze polepole kwa siku kadhaa. Chakula cha mkimbiaji kwa farasi anayesimama bandani kutwa kinamjaza nguvu asizokuwa na pa kuzipeleka.

SaisiMkongwe_Nairobi
Daktari amemaliza. Na hilo la kushinda bandani lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mtoe ashinde uwanjani, ikiwezekana na mwenzake, hata punda. Farasi mpweke, haraka yake ya kurudi nyumbani ni kurudi kwa wenzake.

Rancher_Laikipia
Mimi nina dawa fupi. Akichomoka, shika hatamu moja, mvute kichwa hadi kifike gotini kwako. Farasi hawezi kukimbia kichwa kikiwa kimegeuka. Nimefanya, inafanya kazi.

SaisiMkongwe_Nairobi
Ndugu yangu, hapo lazima nikupinge, kwa sababu dada huyu anaweza kuisoma na kuifanya kesho. Hiyo inafaa akiwa anatembea, au ile hatua ya kwanza kabla hajafunguka. Akiwa kwenye shoti yenyewe, ukimvuta kichwa ghafla hadi gotini anapoteza mizani, miguu inapishana, anaanguka na wewe uko chini yake. Farasi anaweza kukimbia kichwa kimepinda kabisa, anakwenda kwa bega, tena haoni anakokwenda.

Dada, akishachomoka fanya hivi. Kaa chini kwenye tandiko, visigino chini, mabega nyuma, macho mbele. Mkono mmoja ushike hatamu fupi na uukite shingoni pamoja na manyoya yake, usisogee. Mkono wa pili uvute kuelekea juu na nyuma, kisha uachie. Vuta, achia, vuta, achia, ukifuata mwendo wake. Hilo kuachia ndilo linalomnyima cha kuegemea. Ukiwa na eneo wazi, mwelekeze kwenye duara kubwa, upunguze duara kidogo kidogo kadiri anavyopungua. Usimwelekeze kwenye uzio ukidhani atasimama. Usiruke chini. Usipige kelele, sema naye kwa sauti nzito na ya taratibu kama una uwezo wa kuipata.

Na mfunge mkanda shingoni, ngozi ya kawaida tu, uwe na kitu cha kushika kisichomvuta mdomo. Kofia ngumu ya kupandia ifungwe kidevuni kila siku, hata ndani ya uzio.

Rancher_Laikipia
Nimekuelewa mzee. Kweli mimi nilifanya akiwa ndiyo anaanza tu. Nakubali kwa mwendo mkubwa ni hatari.

Binti_Maskati
Salaam aleikum kutoka Maskati. Familia yetu ina asili ya Unguja, na kaka zangu wanafuga farasi wa Kiarabu. Huku kuna ardha, farasi wawili wanapigwa shoti bega kwa bega na wapandaji wameshikana mikono. Mama, ninachotaka kukuambia ni kwamba hata farasi wa mambo hayo muda mwingi wanatembezwa tu. Wanapelekwa pale pale wanapokimbilia, wanasimamishwa, wanakula majani, wanarudishwa kwa hatua. Farasi akikimbizwa kila akifika mahali fulani, mahali penyewe panakuwa amri. Hapo kwenye kahawa mnapogeukia, pafanye mahali pa kusimama na kupumzika.

Mama_UsaRiver
Wapendwa, nimerudi. Daktari amekuja. Magego ya juu yalikuwa na kingo kali pande zote mbili na shavu la kushoto kwa ndani lina kidonda. Ameyasawazisha. Kijino kile hana. Tandiko kidole kimoja hakipiti, linakaa moja kwa moja juu ya mfupa. Nilipobonyeza mgongo alididimia karibu magoti yangu yalegee kwa huruma. Nimeambiwa nimpumzishe, na tandiko hili nisiliweke tena. Ameanza kushinda nje na punda wa jirani, hei imeongezwa.

Kweli nimelia. Sasa nikishapata tandiko sahihi na daktari akiniruhusu, naanzaje? Naogopa njia ile.

SaisiMkongwe_Nairobi
Usilie dada, umefanya kilichotakiwa. Ila usitegemee kwamba meno yakishapona tabia imekwisha. Mwili utasahau haraka, kichwa kitachelewa.

Anzia chini, bila kumpanda. Tembea naye kwa mkono njia ile ile hadi mnapogeukia. Simama, mwache ale majani, geuka, tembea naye kurudi. Akianza kukuvuta, mgeuze mrudi hatua chache mlikotoka, kisha mwelekee nyumbani tena. Akitulia, mnasonga. Na mkifika getini msiingie. Piteni geti, nendeni mbele kidogo, ndipo mrudi. Chakula asikikute kinamsubiri bandani.

Ndani ya uzio mfundishe kusimama kwa mwili wako, siyo kwa mkono. Toa pumzi, keti kwa uzito, sema neno moja lile lile, kisha ndipo hatamu iguse. Akisimama, achia hatamu saa hiyo hiyo. Kutoka mwendo wa hatua (kutembea) kwenda kusimama, kutoka matiti kwenda hatua, rudia mpaka neno lako peke yake linatosha. Hapo ndipo utoke umepanda, ukiwa na mtu juu ya farasi mtu mzima aliyetulia, yeye mbele. Hatua tupu. Mbio za aina yoyote kuelekea nyumbani zisahau.

Ukiona masikio yamesimama na shingo inakakamaa, usingoje. Mpe kazi: mpindishe kushoto, kulia, kuzunguka mti. Hatamu zirefushe kidogo hata kama moyo unakukataza. Ukiona hazikutoshi, shuka. Hakuna aibu kushuka mapema.

Mama_UsaRiver
Nimeandika yote kwenye daftari. Swali la mwisho: pale barabarani penye bodaboda, hata nikiwa na mwenzangu, nipite vipi?

SaisiMkongwe_Nairobi
Kwa miezi ya mwanzo vuka kwa miguu. Shuka mbali kabla ya barabara, siyo pale ukingoni. Vikuku vya kukanyagia vipandishe juu kwenye mikanda yake visimgonge mbavuni. Toa hatamu juu ya kichwa uzishike kwa mikono miwili, usizizungushe mkononi hata siku moja, akichomoka zitakuburuta. Mwenzako avuke na yule farasi mtu mzima sambamba nanyi, siyo atangulie akuache ng'ambo.

Kijana_Njiro
Dada, mimi naendesha bodaboda njia za huko huko. Ongea na vijana wa kituo chenu cha karibu. Waambie saa unazopita, wakikuona wazime injini na wasipige honi. Watakuelewa, hasa yule aliyeingia mtaroni.

Mama_UsaRiver
Kesho asubuhi nakwenda kituoni kwao. Nina deni la kumwona yule dereva pia.