Nani kawaambia kila kiumbe lazima avute oksijeni?

Wakuu leo nimechoka. Tuko watu kadhaa tunabuni sayari ya kufikirika na viumbe wake, nikaleta wangu anayeishi gizani chini ya ardhi, anapumulia chuma. Nilichekwa mpaka basi. "Kiumbe gani anapumua jiwe, kasome baiolojia." Aliyeniambia hivyo wa kwake ni mjusi wa macho sita mwenye mabawa, anavuta oksijeni kwenye sayari isiyo na mmea hata mmoja, hata mwani hamna!

Kupumua siyo pua na mapafu jamani. Seli inanyofoa elektroni kwenye chakula, inazipitisha kwenye msururu wa protini, inavuna nishati, na zile elektroni lazima zipate pa kutua. Sisi tunaziangushia kwenye oksijeni, basi. Kuna bakteria wanatumia naitreti, wengine salfeti, ndo wale ukichokonoa tope jeusi la kinamasi unapigwa na harufu ya mayai viza, ile ndo pumzi yao. Sasa bakteria aitwaye Shewanella wa ziwa Oneida, New York, ambaye habari zake zilitoka kwenye jarida la Science 1988, anapumulia manganisi na chuma, na kwa vile madini magumu hayaingii ndani ya seli yeye anazisukuma elektroni nje ya ngozi yake mpaka kwenye jiwe. Jiwe! Halafu nachekwa mimi.

Afrika Kusini kwenye mgodi wa dhahabu wa Mponeng, kilomita 2.8 chini, kuna bakteria anakula haidrojeni inayotokana na mionzi ya urani kupasua maji, anapumulia salfeti, jua halimhusu kabisa.

Ila wanaonikera zaidi ni wale wa "wangu havuti oksijeni" halafu wanampa mbio za duma. Nguvu anatoa wapi? Molekuli moja ya sukari ya glukosi ukiichachua tu bila oksijeni unapata ATP 2 (ATP ndo sarafu ya nishati ya seli), ukiwa na oksijeni unapata kama 30 hivi. Naitreti inalipa vizuri kiasi, salfeti ni njaa tupu. Ndo maana wangu anasogea upana wa kidole kwa wiki, nimempigia hesabu, siyo uvivu wa kubuni kama mlivyosema.

Mwenye mjusi njoo hapa unijibu, oksijeni yake inatoka wapi? Na usiniletee vikatuni vya kucheka.